Kisanduku cha Kumi na Nne

"Eleza athari kwa jamii," fomu inasema,
"maneno yasizidi mia."
Nimeyahesabu niliyonayo, Bwana Hristozov. Yamezidi.
Nitaandika hadi ukingoni,
kisha nitageuza karatasi.

Jengo ni lile lile la soksi.
Zamani lilivalisha nchi nzima, rangi mbili:
kijivu, na kijivu kilichofuliwa.
Nyota ya mlangoni iling'olewa zamani,
kivuli chake kimebaki ukutani, cheupe,
pale ambapo jua halikufika miaka arobaini.

Tuko tisa. Watano hawasikii.
Tunashona mashuka ya hospitali na aproni za waokaji.
Zdravka akitaka kumwambia Kalina neno
hana budi kuachia kitambaa,
maana mikono inayosema ndiyo inayoshona.
Hapa kila umbea una gharama,
nami mtunza hesabu naijua:
siku Tsonka alipochumbiwa
tulipungukiwa mashuka kumi na moja.
Niiandike safu gani hasara hiyo?

Mlipoleta ruzuku mlileta na jina lake,
biashara ya kijamii.
Mzee Rusko, fundi wa mashine, akaniuliza ndiyo nini.
Nikamjibu, ni kama ushirika.
Akaweka bisibisi mezani polepole.
Ushirika ulichukua ng'ombe wawili wa mama yake
na plau, na shamba la kando ya mto.
Mama alitia dole gumba kwenye karatasi yao,
na alikuwa mwalimu wa shule.
Wiki nzima Rusko hakusema na mtu,
na yeye ni katika wale wanne wanaosikia.

Siwalaumu. Sitaki mseme nawalaumu.
Mlilipa mishahara miezi kumi na minane,
mlinunua cherehani nne, mkaziba paa upande wa kaskazini.
Kwa mshahara wa kwanza Kalina alinunua buti,
akazivaa na kibandiko cha bei kikiwa kisiginoni.
Asiniambie mtu kwamba pesa ya serikali ni makaratasi:
niliiona ikitembea kwenye theluji.

Mwezi wa kumi na tisa, hospitali
(hospitali yenu, bwana, yenye bendera yenu)
ikanunua mashuka kwingine
kwa kuwa kila shuka lilipungua senti saba.
Mkono wenu mmoja ulitushika tusianguke,
wa pili ukavuta mkeka.
Hapa kwetu mikono huzungumza.
Ya kwenu je, huwa inaonana?

Kisha mkamtuma mkaguzi, kijana, na kishikwambi.
Alisimama katikati ya chumba dakika ishirini
akaandika: "Mazingira tulivu."
Tulivu! Walikuwa wakipigiana kelele
kutoka ukuta hadi ukuta, vidole vikiruka,
wakibishana kama apewe kahawa
au aachwe na kiu yake.
Zdravka alishinda. Alipewa, na sukari mbili.
Hilo nalo halina safu.

Basi namba, kwa kuwa mnataka namba.
Wawili wameacha kupokea posho ya ulemavu, kwa hiari.
Mmoja amerudi kuipokea.
Mkanda wa cherehani ya nne umekatika,
tunautengeneza kwa lastiki ya soksi
tuliyoikuta ghalani, bado inavuta.
Waokaji wa mjini wameagiza aproni sitini,
nasi hatujui ya sitini na moja itatoka wapi.

Mwisho, mahali pa sahihi.
Sheria inataka mwanachama mmoja mbali na mimi.
Niliiacha fomu mezani, nikaenda kuchemsha maji.
Niliporudi Rusko alikuwa ameshaandika
jina lake, la babaye, na la ukoo,
kwa mwandiko wa mtoto wa mwalimu,
herufi zimenyooka, ndefu.
Imetoka nje ya kisanduku, naona.
Tafadhali msiturudishie fomu kwa sababu hiyo.